Msamba Hauvutwi kwa Nguvu: Mwongozo kwa Vijana wa Ngoma wa Mgogoni na Wanaowafundisha

Mwaka jana alikuwa akiinama na kushika vidole vya miguu bila kukunja magoti. Mwaka huu ametimiza miaka 13, na ncha za vidole vyake vya mikono zinaishia katikati ya ugoko. Hajaacha mazoezi hata wiki moja. Anakula vizuri, hana homa, hajaanguka popote. Ila suruali ya skuli iliyomtosha Januari sasa inamwacha vifundo nje.

Kijana wa namna hii yumo karibu katika kila kikundi cha ngoma, Mgogoni na kwengineko Pemba, na mara nyingi dawa anayopewa ni moja: ameinama, mwenzake anamkandamiza mgongoni, kiongozi anahesabu mpaka thelathini, naye anauma meno. Kesho yake mapaja yanamuuma kwa nyuma. Keshokutwa vidole viko palepale. Mwongozo huu ni wake, na ni wa mwalimu, mama au kaka anayemsimamia. Unahusu njia nyengine ya kuutafuta ulaini wa viungo: mazoezi ya somatiki, yaani miondoko midogo, ya polepole, inayofanywa kwa kuusikiliza mwili kutoka ndani, pasipo kuuvuta kwa nguvu wala kuukagua kwenye kioo.

Kwanza: kinachokaza ni kitu gani?

Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na umri wa miaka 12 hivi, na wavulana wakikaribia 14. Katika mwaka huo mmoja msichana anaweza kuongezeka sentimita 8, mvulana 9 au zaidi. Na mwili haurefuki wote kwa pamoja. Miguu hutangulia, kiwiliwili hufuata baadaye. Mtu ambaye miguu yake imeshatangulia na mgongo wake bado uko nyuma atashindwa kufika chini hata kama misuli yake ina ulaini uleule wa mwaka jana. Kwa hiyo mwalimu anayempima kijana wa balehe kwa kumwinamisha aguse vidole anapima urefu wa mifupa yake bila kujua.

Walimu wengi wa dansi wanaamini zaidi ya hapo: kwamba mfupa hukua haraka, msuli ukachelewa, na kwa muda msuli unabaki mfupi. Wachezaji wenyewe husema wanauhisi mkazo huo. Watafiti hawajakubaliana. Utafiti mmoja uliofuatilia wanafunzi wa sekondari mjini Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1999, haukuona kuwa kurefuka kwao kulipunguza unyumbukaji wao. Ni vyema kiongozi wa kikundi aijue tofauti hii, ili asimwambie mtoto kuwa misuli yake "imefupika" kana kwamba ni ugonjwa.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, na ndilo linalobeba mwongozo huu wote. Ndani ya kila msuli mna vihisio vidogo vinavyopima umevutika kiasi gani na kwa haraka gani. Ukivutwa ghafla, habari hukimbia hadi kwenye uti wa mgongo na amri hurudi papo hapo: kaza. Ni utaratibu uleule anaoupima daktari anapogonga chini ya kifuniko cha goti kwa nyundo ndogo na mguu ukaruka wenyewe. Mwenzako anapokukandamiza mgongoni ghafla, mwili wako unajilinda dhidi yake. Kijana anavuta upande mmoja, mlinzi wake wa ndani anavuta upande wa pili, na wote wawili wanachoka.

Tena, tafiti zilizopima watu waliojinyoosha kwa wiki tatu hadi nane zimeonyesha kwamba kwa sehemu kubwa msuli wenyewe haukurefuka. Kilichobadilika ni kiasi cha mvuto ambacho mtu aliweza kukivumilia kabla ya kusema basi. Ubongo ulilegeza mpaka wake. Habari hii inabadilisha swali lote la mazoezi. Kama mpaka unawekwa na ubongo, basi ubongo ndio wa kuzungumza nao, na ubongo wa mtu mwenye hofu na maumivu hauongezi mpaka kwa hiari.

Somatiki imetoka wapi?

Jina lilienezwa na Mmarekani Thomas Hanna mwaka 1976, kutoka neno la Kigiriki linalomaanisha mwili ulio hai. Kazi yenyewe ilikuwapo kabla ya jina. Moshe Feldenkrais, aliyezaliwa 1904, alikuwa mhandisi na mwanajudo aliyeumia goti akicheza mpira wa miguu. Alichunguza mwendo wake mwenyewe kwa utulivu, tone kwa tone, mpaka akajifunza kutembea upya, na baadaye akaanza kuwafundisha wengine wakiwa wamelala sakafuni. Irmgard Bartenieff alikuwa mchezaji dansi kutoka Ujerumani aliyekimbilia Marekani akawa mtaalamu wa fiziotherapia. Jijini New York aliwahudumia watu waliopooza kwa polio, kisha akakirudisha kwa wachezaji kile alichojifunza kwa wagonjwa wale. Ni watu waliofika hapo kwa sababu ya mwili uliovunjika, na hilo linaonekana katika mafundisho yao: hakuna zoezi linaloanza kwa maumivu.

Je, mazoezi haya yanalainisha kweli? Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa watu wazima 33 wenye afya. Kundi lililofanya masomo ya Feldenkrais kwa wiki tatu lilipata nyongeza ya ulaini iliyo wazi zaidi katika misuli ya nyuma ya paja kuliko kundi lililoendelea na maisha yake ya kawaida, na hawakufanya zoezi lolote la kuvuta. Tafiti za miaka ya 1990 zilizotangulia hazikuona tofauti hiyo. Washiriki hawakuwa vijana wa ngoma, na idadi zao zilikuwa ndogo. Kwa hiyo atakayemuahidi binti wa Mgogoni kwamba atapiga msamba baada ya wiki mbili za kulala mkekani anamdanganya.

Lakini kwa mtoto anayekua bado njia hii inastahili kutangulia nyengine zote. Haiumizi, haigharimu, na inamfundisha kitu ambacho kuvutwa hakumfundishi hata siku moja: kutofautisha mvuto wa msuli na maumivu ya kiungo. Mchezaji asiyeijua tofauti hiyo akiwa na miaka 14 atailipia akiwa na 20.

Mtaji ambao Pemba tayari inao

Kabla ya kutafuta mazoezi ya mbali, kiongozi aangalie yaliyo mlangoni. Mtoto wa kijijini Pemba hukaa kitako kwenye mkeka chuoni, miguu ameikunja, kwa saa nzima. Huchutama akipara samaki. Hupanda na kushuka vilima, kwa sababu kisiwa hiki si tambarare kama sehemu kubwa ya Unguja, na msimu wa karafuu hujinyoosha juu mtini mikono yote miwili. Nyonga, vifundo na mabega yake yana mazoea ambayo mtoto wa mjini anayekaa kwenye kiti kutwa ameyapoteza. Kazi ya mwalimu ni kuyalinda mazoea hayo mtoto anapoingia miaka ya madawati na simu.

Sala ni ibada, wala haifanywi mazoezi ya viungo. Hata hivyo kijana anayerukuu ipasavyo, mgongo umenyooka, akatulia mpaka kila kiungo kikakaa mahali pake, anajua tayari jambo linalowasumbua wachezaji wengi: kuinama kutoka kwenye nyonga badala ya kuukunja mgongo. Na anajua kwamba kutulia ni sehemu ya mwendo. Anaposhindwa kuinama vizuri mazoezini, inatosha kumkumbusha kwamba umbo hilo mwili wake unalo.

Ngoma zenyewe pia zinadai vitu tofauti, na hapa ndipo viongozi wengi hukosea kwa kuwapa vijana wote mazoezi ya aina moja. Msewe, ngoma ya wanaume ya Pemba, imebeba jina la zile njuga za majani zinazofungwa miguuni. Mchezaji wake anahitaji vifundo vinavyokunjika na mashavu ya miguu yanayopokea ardhi bila kishindo kupanda magotini. Msamba hauna kazi katika msewe. Ndege, ngoma ya wanawake ya harusini yenye miavuli, inataka nyonga zinazotembea kwa upole na mabega yasiyopanda wakati mkono umeshika mwavuli muda mrefu. Kirumbizi, mchezo wa fimbo, kinataka kiuno kizunguke haraka huku miguu imebaki chini.

Na iko Maulidi ya Homu. Wachezaji hupiga magoti kwa mstari, viwiliwili vikiyumba kwa pamoja kama mpunga bondeni ukipita upepo, matari yakianza taratibu na kuongeza kasi hatua kwa hatua. Kikundi cha Mtendeni cha Mji Mkongwe ndicho kinachojulikana zaidi kwa sanaa hii. Mtu aliyesoma somatiki akiitazama Homu ataona kanuni zake zote zimo: mwendo unaanza mdogo, unarudiwa, pumzi inauongoza, uti wa mgongo unalainika pingili kwa pingili, na kasi inakuja baada ya mwili kukubali. Wazee walioupanga mwendo ule walikuwa na lengo jengine kabisa, la dhikri. Hata hivyo anayefundisha ngoma Mgogoni hana haja ya kuonyesha video ya New York ili kueleza maana ya kuanza polepole.

Wanawake wa pwani nao wana elimu yao ya nyonga. Unyago una makungwi waliofundisha wasichana kutenganisha mwendo wa kiuno na mwendo wa kifua, kwa subira, faraghani. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki 17 Aprili 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, na nyumbani alijulikana pia kwa ngoma ya unyago, akiwa bado anaipiga katika uzee mkubwa. Yanayofundishwa humo yabaki humo. Kinachofaa kuchukuliwa kwa ajili ya mwongozo huu ni namna ya kufundisha: mtu mmoja kwa mwengine, bila haraka, bila watazamaji.

Mkekani: dakika ishirini

Chagua mahali tulivu. Kibaraza kinafaa, ua wa nyumba unafaa, darasa la skuli baada ya masomo linafaa. Wakati mzuri ni baada ya alasiri, joto limepungua na mwili umeshatembea kutwa. Kila mtu awe na mkeka wake na kanga moja. Wasichana wawe na mahali pao na mwalimu wao wa kike, ili waweze kulala na kujinyoosha bila kufikiria nani anapita njiani; mtu anayeona haya hukaza tumbo na mapaja, na zoezi zima hupotea. Ngoma zisipigwe kwa sasa.

Alale chali, miguu imenyooka, mikono kando. Mwalimu aulize tu, asirekebishe kitu. Kisigino kipi kinaulemea mkeka zaidi? Kiuno kimegusa chini au pana nafasi ya kupita kiganja? Bega lipi liko juu? Dakika tatu za maswali ya namna hii zinaonekana kama kupoteza muda, na vijana watacheka siku ya kwanza. Waache wacheke. Wiki ya pili mmoja wao atasema mwenyewe kwamba upande wake wa kulia ni mzito, na hapo mafunzo yameanza.

Kisha akunje magoti, nyayo zikae chini. Afikirie uso wa saa umewekwa chini ya ule mfupa bapa wa nyuma ya nyonga: kumi na mbili iko upande wa kitovu, sita iko upande wa kifandugu. Abingirishe nyonga taratibu kuelekea kumi na mbili, kiuno kikagusa mkeka. Arudi kuelekea sita, kiuno kikainuka kidogo. Mara kumi hivi, kila mara kwa nguvu ndogo kuliko iliyotangulia. Baadaye aende tatu na tisa, na mwisho aizunguke saa nzima. Mahali fulani kwenye mzunguko atakuta mwendo unaruka, kana kwamba kuna nambari iliyofutika. Asipasukume. Arudi nyuma nambari moja, apapitie tena, polepole zaidi. Zoezi hili ni miongoni mwa mashuhuri ya Feldenkrais, na kwa wachezaji wa ngoma zinazochezesha kiuno ndilo lenye faida ya haraka kuliko yote.

Hapa mwalimu atazame pumzi. Kijana akiizuia, mwendo umekuwa mkubwa mno, apunguze nusu. Hakuna kipimo rahisi zaidi ya hicho, na kinafaa kwa zoezi lolote katika mwongozo huu.

Sasa nyuma ya paja, mguu wa kulia pekee. Akiwa bado amelala, apitishe kanga kwenye wayo na aishike kwa mikono miwili, goti limekunjwa juu ya tumbo. Alinyooshe goti kidogo, mpaka pale anapohisi mwanzo wa mvuto, kisha arudi. Aende na kurudi mara nane, kama anayepapasa ukuta gizani. Halafu asimame pale mvuto unapoanza, akisukume kisigino kwenye kanga kwa robo ya nguvu zake tu, kwa muda wa kuhesabu mpaka sita, aache, avute pumzi, na asubiri. Mara nyingi mguu huongeza nafasi wenyewe. Njia hii ya kukaza kisha kulegeza ilitokana na matibabu ya wagonjwa huko Marekani miaka ya 1940, na inamstahi yule mlinzi wa ndani badala ya kupigana naye. Arudie mara tatu.

Asiguse mguu wa kushoto bado. Asimame, atembee hatua chache uani, ainame taratibu na kulinganisha pande mbili. Vijana wengi huhisi tofauti hapo hapo: mguu mmoja mrefu, mwepesi, mwengine kama umefungwa. Dakika tano haziwezi kurefusha nyama, na kijana akiihisi tofauti ile anaelewa bila mhadhara kwamba kilicholegea ni amri iliyokuwa ikimkaza. Baada ya hapo aende upande wa pili, atautaka mwenyewe.

Yanayofuata ni mafupi. Ajinyooshe kama paka anayeamka: kwanza ajikusanye, akaze mwili wote kwa raha, kisha auachie polepole kuliko alivyoukaza. Achutame, visigino chini ikiwezekana, ayumbe mbele na nyuma, kushoto na kulia, magoti yakifuata uelekeo wa vidole vya miguu. Wachezaji wa Homu wapige magoti juu ya mkeka uliokunjwa mara nne, mkono mmoja mbavuni, wayumbe kwa mwendo mdogo sana bila tari, wakisikiliza ubavu upi unafunguka na upi umelala.

Mwisho wa dakika zile ishirini ndipo inapokuja sehemu ambayo watu wengi wa somatiki huisahau, na kuisahau ni kosa. Nafasi mpya ya kiungo isiyo na nguvu haina faida kwa mchezaji, na inaweza kumuumiza. Kwa hiyo anyanyue mguu ulionyooka bila kanga, kwa nguvu za mguu wenyewe, aushikilie kwa pumzi mbili, aushushe kwa hiari. Mara tano kila upande. Asimame kwa mguu mmoja, ainame kutoka nyongani, anyanyuke. Halafu acheze sehemu moja ya ngoma yake, kwa nusu ya kasi, akitafuta ule wepesi alioupata mkekani ndani ya hatua zenyewe. Mwili hujifunza mahali unapotumika. Ulaini uliobaki mkekani hauonekani harusini.

Mara tatu kwa wiki zinatosha.

Kuhusu kujinyoosha kwa kawaida

Somatiki haikufuti kujinyoosha kwa kutulia. Kijana aliyekwisha kupasha mwili anaweza kushika mkao mmoja sekunde 15 hadi 30, bila maumivu, na ni vizuri zaidi afanye hivyo baada ya mazoezi. Kushikilia msuli mmoja zaidi ya dakika nzima muda mfupi kabla ya kucheza hupunguza kidogo nguvu ya kuruka, na anayekwenda kukanyaga msewe anaihitaji nguvu hiyo. Kabla ya kupanda jukwaani, iwe ni harusi au lile tamasha la kila mwaka la kukumbuka 23 Septemba 1964, siku ilipotangazwa elimu bila malipo Zanzibar, atembee, aizungushe ile saa ya nyonga akiwa amesimama, acheze hatua zake kwa udogo na kuzikuza kidogo kidogo.

Mahali pa kusimama

Wapo watoto ambao tatizo lao ni kinyume cha huyu tuliyeanza naye. Viungo vyao vinakunjika kupita kiasi, na kikundi huwapigia makofi. Kipo kipimo chenye alama tisa kinachobeba jina la Peter Beighton, kilichotumika katika utafiti wa mwaka 1973 kwa Watswana wa vijijini Afrika Kusini: je, kidole gumba kinaweza kulala juu ya mkono kwa ndani? Kidole kidogo kinakunjwa nyuma kupita pembe mraba? Viwiko na magoti vinapinda kinyumenyume? Viganja vinakaa sakafuni magoti yakiwa yamenyooka? Mtoto mwenye alama nyingi, na wasichana ndio wengi zaidi, hahitaji nyongeza ya ulaini. Afanye sehemu ya kuhisi na sehemu ya nguvu. Kanga asiivute kabisa. Kumsifu kwa kukunjika kwake ni kumwelekeza kwenye majeraha.

Maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti, mahali pana uvimbe mgumu unaouma ukiguswa, au maumivu ya kisigino kwa nyuma baada ya kuruka, ni ya kawaida katika umri huu, kwa sababu kano zinavuta sehemu za mfupa ambazo bado zinakua. Hayatibiwi kwa kujinyoosha zaidi. Apunguze kukanyaga na kuruka, asipige magoti mpaka maumivu yatulie, na yakiendelea apelekwe hospitali, iwe Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani. Maumivu yanayomwamsha usiku, kiungo kilichovimba na kuwa moto, ganzi inayoshuka mguuni, au mlio wa kukatika ukifuatwa na uvimbe, hayo hayasubiri wiki ijayo.

Wakati mtoto anarefuka kwa kasi, vyama vya wataalamu wa afya ya wachezaji, kikiwemo kile cha kimataifa cha tiba na sayansi ya dansi kilichoundwa mwaka 1990, vinawashauri walimu wapunguze miruko na kuulazimisha mwili, wautumie muda huo kwa ufundi, uwiano na nguvu za kiwiliwili. Kwa kikundi cha kijijini maana yake ni rahisi: miezi ile ambayo kijana anajikwaa na mikono yake inagonga vyombo, mpe kazi ya mdundo, wimbo na miondoko ya polepole. Asitolewe kwenye safu. Kutolewa ndiko kunakowakatisha tamaa wengi wakaacha ngoma kabisa, na miaka miwili baadaye mwili ungekuwa umetulia.

Mwalimu asimguse mwanafunzi bila kumwomba ruhusa, na asimkandamize kamwe. Asiruhusu wengine wamkandamize. Katika mazoezi ya somatiki maneno hufanya kazi kuliko mikono, na mwalimu asiyepata neno la kueleza mwendo ajilaze mkekani yeye mwenyewe mpaka alipate.

Mwezi wa Ramadhani ratiba ibadilike. Mazoezi ya kulala chali na saa ya nyonga yanaweza kufanywa kwa utulivu jioni karibu na kufuturu. Sehemu ya nguvu na ya kucheza ihamie usiku, baada ya tarawehe, kwa walioshiba maji. Na usingizi usisahauliwe: mtu wa umri huu anahitaji saa 8 hadi 10, nazo huliwa kirahisi na simu na harusi za usiku. Mwili uliokesha hukaza hata ukifundishwa namna gani.

Kwa kupima, sahau vidole vya miguu. Alale chali mlangoni, mguu mmoja umenyooka sakafuni ukipita mlangoni, mwengine ukiegemea ukuta wa pembeni, goti limenyooka bila kulazimishwa. Pima umbali kutoka nyongani hadi ukutani kwa viganja vyake mwenyewe, maana viganja vinakua pamoja naye. Andika kwa chaki pembeni ya mlango: tarehe, kulia viganja vingapi, kushoto vingapi, na urefu wake siku hiyo. Rudia baada ya wiki sita, saa ileile ya siku, kabla ya mazoezi. Viganja vikipungua, ulaini umeongezeka. Urefu ukiwa umeongezeka na viganja vimebaki vilevile, ameshikilia ulaini wake huku mwili ukimkimbia, na hiyo ni kazi nzuri. Aongeze wiki sita nyengine.